Mswada Uliolazwa Mezani

Jumatatu, 26 Februari 1951

Nimeketi katika roshani ya wageni ya Baraza la Kutunga Sheria tangu asubuhi. Sauti za waheshimiwa zinapanda polepole hadi kwenye kuba, zinazunguka huko, kisha zinashuka zikiwa si maneno tena.

Ombi letu limesomwa. "Sisi tuliotia sahihi hapa chini, kwa heshima na taadhima, tunaomba kivuko cha Mto Sorrel kirejeshwe." Utunzi wangu. Hawakubadilisha hata koma.

Binti yangu Verna atajifungua Aprili. Wakati wa baridi tunavuka mto juu ya barafu; ikishayeyuka, daktari hubaki ng'ambo. Mara ya kwanza ilikuwa hivyo, na mtoto hatukumpata.

Jumanne, 27 Februari

Mswada wa kivuko, uliotokana na ombi letu, umelazwa mezani! Nimemsikia Spika akitamka. Mezani — mahali pa mkate na Biblia. Nimempigia Verna simu kutoka duka la dawa. Alilia kwa furaha.

Usingizini niliiona meza nyeupe ikielea mtoni, nasi sote juu yake, tukivuka bila kulowa.

Jumatano, 28 Februari

Bwana Yoder, bawabu wa roshani, aliniuliza ninachekelea nini. Nikamweleza.

"Mama wee, hapa mezani ndiko makaburini. Mswada ukilazwa, hauamki."

Nikamjibu kwamba katika lugha sanifu neno hilo halina maana hiyo.

"Lugha sanifu haipigi kura, mama."

Akaongeza kwa upole: mwakilishi wetu anaweza kutoa hoja uinuliwe, kabla kikao hakijafungwa kesho saa sita mchana. Baada ya hapo, ni kungoja kikao kijacho, miaka miwili.

Bwana Tunstall, mwakilishi wetu, nilimkuta akila pai ya tufaha.

"Bibi Halvorsen, nina marafiki wanne humu, na wawili wanasinzia."

Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye vifungu. Nikasema tu: Verna ana mimba tena. Akaweka uma chini.

Sijampigia Verna. Sijapata sentensi.

Alhamisi, 1 Machi

Naandika nikiwa roshanini. Saa sita inakaribia, miswada ingali mingi. Bwana Yoder ameingia ukumbini na ngazi, amepanda, ameishika mishale ya saa ya ukutani. Imesimama. Hakuna aliyeshangaa. Jirani yangu ananong'ona kwamba ndiyo desturi: saa sita isipofika, kikao hakijaisha.

Tumekaa ndani ya dakika moja ndefu, kama watu walio chini ya maji.

Bwana Tunstall amesimama. Hoja: mswada wa kivuko uinuliwe mezani. Karani anaita majina ya wapiga kura kwa alfabeti. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Mmoja ameamshwa kwa kiwiko — ndiyo. Siwezi tena kuhesabu, sauti zinachanganyika kubani.

Humu ndani adhuhuri haijafika. Nje ya dirisha theluji ya paa inayeyuka, matone yanafuatana, na karani yuko kwenye herufi M —