Guruneti la Sita

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa chini kando ya barabara, huku Ingleburn, pembezoni mwa jiji hili la ugenini, saa tano asubuhi. Mbele yangu kuna utepe wa polisi, na mwisho wa mtaa naliona paa la ghala ninalofanyia kazi. Ndani hamna mtu isipokuwa wataalamu wawili wa mabomu walioingia dakika ishirini zilizopita, wamevaa mavazi mazito yanayowafanya watembee kama wagonjwa. Sisi wengine, kama watu thelathini, tumetolewa nje. Mimi ndiye niliyesababisha. Naandika nyuma ya karatasi za kupokelea mizigo kwa sababu ndizo nilizotoka nazo mkononi.

Papa Elias amekaa hatua kumi kutoka hapa. Amenipa mgongo.

Ni yule yule rafiki yako wa tangu kambi ya wakimbizi, ambaye tulipohamia huku mlikuwa mkikaa naye benchi moja kanisani Quakers Hill, wewe ukiimba sauti ya nne na yeye akikulalamikia kwamba unaimba kama unaamuru gwaride. Tulipokuzika, miaka miwili iliyopita, alishika jeneza upande wa kichwa na hakukubali kupokelewa. Wiki mbili baadaye alikuja nyumbani akamwambia Mama, "Huyu mtoto alisoma, asioshe wazee maisha yake yote," akanitoa kwenye nyumba ya kutunzia wazee nilikofanya kazi, akanipeleka kwa meneja wake. Tangu siku hiyo tunafanya kazi pamoja. Ghala letu hutunza vitu vya watu waliofariki hadi viuzwe mnadani. Yeye hupokea na kukagua. Mimi ni karani, naandika maelezo ya kila kitu kwenye orodha ya mnada: kabati, mti gani, umepasuka wapi.

Mwezi uliopita familia moja ilileta vitu vya babu yao, mtu aliyependa sana bunduki za jeshi la Waingereza. Bunduki zenyewe zilikuwa zimekufa, mitutu imezibwa kwa chuma. Kulikuwa na maboksi ya ripoti za zamani, na sanduku moja la mbao lenye maguruneti ya kurushwa kwa bunduki.

Nilipoyaona, Baba, nilikukumbuka wewe na mwiko. Jioni moja kule kambini ulichukua fimbo ya ufagio, ukachomeka mwiko wa Mama kwenye ncha yake, ukatueleza. Guruneti la namna hii haliingii ndani ya bunduki, linakaa nje, mdomoni mwa mtutu, kama kofia. Linasukumwa na pumzi ya risasi isiyo na kichwa. Mtu akikosea akatia risasi ya kawaida, risasi inalikuta guruneti mlangoni, na hapo hakuna wa kuulizwa kilichotokea. Ndiyo maana wewe, koplo uliyefundisha vijana katika jeshi la zamani la nchi yetu, uliweka sheria yako: kabla ya kupakia, kila askari anafungua kiganja, anamwonyesha jirani yake risasi, na jirani anaangalia kwa macho yake kisha anasema, "Nimeona."

Siku moja akaja meja kutazama mafunzo, akataka kurusha moja. Ukamwambia, "Meja, nionyeshe." Akacheka. Ukarudia. Akaacha kucheka. Ulisimama mbele ya bunduki ukakataa kusogea mpaka akaondoka, na kesho yake ukapewa adhabu. "Nilichimba choo siku saba," ulituambia, "lakini nilichimba kwa mikono miwili." Mama, aliyekuwa anautaka mwiko wake, akakuuliza risasi ya meja ilikuwa ya namna gani. Ukajibu kwamba hukuwahi kujua. Aliitia mfukoni akaenda nayo.

Ripoti za yule marehemu zilinivutia kuliko vitu vyake vyote. Zinaeleza majaribio waliyofanya Waingereza baada ya vita kuu, walipokuwa wakitengeneza bunduki mpya na kutaka kujua kama zitahimili kurusha maguruneti. Bunduki ilifungwa kwenye kigingi cha chuma, mtu akajificha nyuma ya magunia ya mchanga akavuta kamba. Baada ya kila mlio waliinama kutazama kama kitako kimepasuka. Wameandika kila ufa. Wameandika hata upepo. Nilipokuwa nikizifupisha nilihisi kwamba aliyeziandika alikuwa mtu kama mimi, anayerudi kuhakikisha mlango ameufunga hali ameshika funguo mkononi.

Ila mimi Jumanne sikurudi kuhakikisha.

Kila kitu cha kijeshi kina fomu yake, na fomu ina saini mbili. Ya kwanza ni ya aliyekagua. Ya pili ni ya mtu mwingine aliyetazama pia, akaona hakuna baruti ndani. Papa Elias alikuja mezani kwangu wakati wa chakula, fomu mkononi.

"Weka sinyatire hapa, binti yangu. Maguruneti sita, iko sawa yote. Nilishaangalia."

"Niende nikayaone, Papa?"

"Uende kuona nini? Mimi nilizibeba zote mu mikono yangu. Kula chakula chako, wali utapoa."

Nikatia saini. Ningefanyaje? Wewe ndiye uliyenifundisha kumpa mkubwa kitu kwa mikono miwili na kutomkatiza akisema. Kumwambia mtu aliyekubeba hadi kaburini, "Siamini macho yako, twende ukanionyeshe," nilikosa mahali pa kuyaanzia maneno hayo.

Leo asubuhi nilifika kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti. Unasema maguruneti matano yalijazwa mchanga badala ya baruti ili uzito ubaki ule ule, yakatobolewa tundu ubavuni ili mtu asiyachanganye na yaliyo hai, na baada ya majaribio yakatunzwa. Matano. Nilisoma mara tatu. Kisha nikaenda safu ya tatu, nikasimama mbele ya sanduku mikono nyuma. Manne yalikuwa yamelala tundu likionekana juu. La tano nililiona tundu lake nilipoinama. La sita lilikuwa na rangi ile ile ya kijani, umri ule ule, lakini pande zote nilizoweza kuziona zilikuwa nzima.

Jumamosi ndiyo siku ya watu kuja kutazama vitu kabla ya mnada, Baba. Wanaruhusiwa kuvishika. Wanakuja na watoto.

Nilimkuta Papa Elias akifunga zulia kwa kamba. Nikamweleza kwa sauti ya chini, nikimwonyesha ukurasa.

"Weye unanihesabia sasa?"

"Hapana, Papa. Karatasi inasema matano."

"Karatasi ya Mwingereza aliyekufa. Hilo la sita mtoto wa marehemu alilileta mwenyewe, alilikuta mu garaji, tukalitia pamoja na wenzake. Linafanana."

"Lina tundu?"

Akalegeza kamba, akaikaza tena.

"Nina miaka sitini na mbili," akasema. "Wakijua nilikosea, nani ataniandika kazi tena? Usiende kwa boss. Kuja, nitaligeuza mbele yako, uone tundu, tumalize."

Akaanza kutembea kuelekea safu ya tatu. Nilimpita mbio, nikasimama katikati ya njia, mikono nimeitandaza kama anayezuia mbuzi.

"Papa, usiliguse."

"Ondoka."

"Papa, tafadhali."

"Nimekuambia ondoka mu njia."

Hakunisukuma. Angeweza. Alisogea mpaka nikasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake, na mimi, ambaye sijawahi kumpandishia sauti mtu mzima, nikapiga kelele nikimwita meneja, kwa Kiingereza, jina lake tupu, mara mbili. Watu wakageuka kutoka kila safu. Papa Elias akasimama pale alipo. Akaniangalia na kusema polepole, ili nisikose hata neno moja, "Baba yako angeona haya."

Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Nilikaa hapa ili nikuulize kama ni kweli. Lakini kadiri ninavyoandika naona kuna jambo jingine ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mstari wa kwanza.

Tulipofika hapa nje, meneja alinishika bega. Ni mama wa makamo, mwenyeji wa hapa hapa, mwenye huruma kwa kawaida yake. Akaniambia nimefanya kazi nzuri, kwamba wengine wote hawakuona ila mimi. Kisha akamgeukia Papa Elias akamuuliza ni nani aliyekagua lile sanduku.

"Ni mimi, boss," akajibu.

Alikomea hapo. Hakusema, "Na huyu alitia saini baada yangu." Fomu yenyewe imebanwa kwenye kifuniko cha sanduku, ndani kule, na hakuna aliyeikumbuka bado. Meneja ananiletea maji. Madereva wananionyesha vidole gumba. Na mtu aliyeniambia kwamba wewe ungenionea haya amekaa hatua kumi kutoka hapa, analibeba kosa la watu wawili, hageuki.

Nitakuambia ninachoogopa kumwambia mtu aliye hai. Kuna wakati, si mrefu, nilitamani lilipuke. Watu wote wako nje isipokuwa wale wawili, nikajiambia, na wale wana mavazi yao. Fomu ingeungua. Nililitazama paa nikingoja.

Sasa mmoja wao ametoka. Anatembea kuja huku, na mkononi ana karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Naona kutoka hapa kwamba ni ya njano, na fomu zetu ni za njano. Meneja anainuka kumlaki. Baba, nikikaa hapa nilipo, ataisoma mwenyewe, na labda atafikiri nilisahau, labda nitapata neno la kusema. Naiacha kalamu.

...

Nimerudi. Ni saa nane na nusu, niko stesheni.

Nilimfikia meneja kabla hajaipokea. Nilisema, "Saini ya pili ni yangu, na sikutazama." Nikaona uso wake unavyoondoka kwangu kidogo kidogo, hadi ukabaki uso wa kazi. Yule mtaalamu hakujali habari za saini. Alisema matano ni mchanga mtupu, na la sita limejaa, tena limechakaa kiasi kwamba yeye mwenyewe hakupenda kulisogeza. Wamelitia kwenye chombo cha mchanga, wameondoka nalo taratibu. Alimuuliza meneja ni watu wangapi walilishika. Papa Elias akainua mkono wake mmoja, akauangalia, akaushusha.

Sote wawili tumeambiwa twende nyumbani, tungoje kuitwa Jumatatu. Mama sijampigia.

Papa Elias nilimkuta hapa jukwaani, amefika kabla yangu. Nilimwamkia, akaitikia, kwa sababu salamu hainyimwi mtu. Nikasimama. Treni moja ilikuja, ikafungua milango, ikaifunga, na hakuna aliyeipanda kati yetu.

"Ungenyamaza," akasema hatimaye, akitazama reli, "mmoja wetu angebaki na kazi."

"Hapana, Papa. Fomu walikuwa nayo mkononi."

"Ungesema mzee alikulazimisha. Mimi ningeitika ndiyo."

Sikujua kwamba hilo nalo alikuwa amekwisha kunipangia, pale alipokuwa amenipa mgongo.

"Nililibeba hivi," akasema, akakunja mkono kifuani kama anayepakata mtoto. "Kutoka mu gari mpaka mu safu ya tatu. Nilikuwa naimba."

Kisha akauondoa mfuko wake wa chakula kwenye kiti kilichokuwa kando yake, akauweka chini, katikati ya miguu. Nikakaa.

Treni nyingine inakuja, Baba, na hii tutaipanda. Nakuaga hapa. Ulikolala kuwe na utulivu, na usiniombee kazi, niombee Jumatatu niseme tena vile vile nilivyosema leo.

Ni mimi, binti yako wa pili.