Kurasa za Nyangi

Jumatatu, 4 Machi

Dukani tangu asubuhi. Vijana wa mgodini walijaa, kila mmoja na memori kadi yake, nimewawekea nyimbo mpaka kidole kinauma. Mmoja kanirudisha mara tatu kwa wimbo mmoja. Nikamnunia.

Jioni Mama yuko mlangoni na ile mashine yake. Chama cha wasioona walimpa mwezi uliopita. Ndogo, inaenea kiganjani, inasoma kwa sauti kilichowekwa ndani. Yeye anaiita redio. Ilikuja na Injili na somo la malaria, na somo la malaria ameshalikariri lote.

Leo kaniuliza kama yale aliyoandika mwanawe Nyangi yanaweza kuingia humo. Nikasema nitajaribu.

Jumanne, 5 Machi

Usingizi haukuja. Namfikiria Nyangi, mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Ndiye mtoto pekee ambaye Mama alimzaa. Alitolewa shuleni akaozwa, na ng'ombe wa mahari yake ndio walionioa mimi. Mama hana mtoto wa kiume, na kwetu Wakurya mwanamke wa hivyo anaoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isifutike. Nyumba ntobhu. Mimi ndiye mke wa Mama. Wanangu wanaitwa kwa jina lake.

Nyangi alimkimbia mumewe, akaenda Mwanza, hakukanyaga tena hapa Genkuru. Akawa anaandika habari za nyumbani kwenye tovuti yake. Mwaka jana alifariki akijifungua. Mama hakusoma hata darasa moja, na sasa macho yamekwisha. Anachotaka ni kitu kimoja tu: kujua kama mwanawe alimsamehe.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia rafiki yake Nyangi, yule wa Mwanza. Anasema tovuti inafungwa katikati ya mwezi huu. Nywila alikuwa nayo marehemu mwenyewe, hakuna wa kuifufua.

Nimezisoma kurasa zake dukani, wateja wakisubiri. Nzuri mno. Mama akipalilia ulezi huku anaimba. Mama akimbeba mgongoni kuvuka kijito kilichofurika, maji kifuani, akimtania asiogope. Kuna mahali ameandika kwamba akiumwa anamwita Mama, hata akiwa peke yake chumbani.

Halafu ule wa ng'ombe. "Mama yangu aliniuza akaoa mke kwa bei yangu."

Nimechukia. Mke huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nani aliniuliza?

Huo wa ng'ombe nimeupakua kwenye simu niusome tena nyumbani, nisilie mbele ya watu. Zile nyingine nimezivuta kwenye folda moja ya kompyuta, kama ninavyovuta nyimbo. Nimebofya mmoja mmoja, zote zikafunguka. Wa ng'ombe sitamwekea. Mama ni mzee, aachwe apumzike.

Jumatatu, 11 Machi

Wambura, mwanangu wa mwisho, ana homa kali. Zahanati. Dukani sijaenda. Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Homa imeshuka, mtoto amekunywa uji. Mama kila saa anauliza za redio. Nimemwambia avute subira, kila kitu kiko tayari dukani.

Jumatatu, 18 Machi

Siku mbaya.

Nilienda na mashine, nikachomeka waya, nikahamisha folda yote. Niliporudi, Mama alikuwa ameoga, amevaa kitenge cha kanisani. Alikuwa amewaita majirani wawili waje kumsikiliza mwanawe. Nikabonyeza. Mashine ikasema hakuna cha kusoma. Nikarudia. Hakuna cha kusoma. Majirani wakaaga kwa adabu.

Mama alikaa na kitenge chake mpaka giza likaingia.

Jumanne, 19 Machi

Nimefika dukani kabla ya bosi. Nikabofya zile kurasa. Hakuna hata mmoja uliofunguka. Bosi akaja, akaangalia, akanionea huruma. Nilichovuta ni anwani tu. Siku ile zilifunguka kwa sababu kompyuta ilikuwa na bando na tovuti bado ipo. Maneno yenyewe hayakuwahi kuingia humu. Wimbo ukiuvuta unakuja mzima, nikadhani na kurasa ni hivyo hivyo.

Nimepiga Mwanza. Imefungwa. Basi.

Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Umebaki ule mmoja kwenye simu.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemdanganya Mama kwamba mashine ina hitilafu. Hajaniamini. Hali chakula vizuri. Jirani kaniambia Mama anasema Nyangi hakuandika lolote juu yake, kwamba tunamficha tu aibu. Hilo limenichoma kuliko yote.

Nimpe ule wa ng'ombe, au abaki na ukimya?

Jumamosi, 23 Machi

Nimempa.

Kwanza nilimweleza wazi: mazuri yalikuwepo mengi, yamepotea mikononi mwangu, limebaki moja chungu. Akasema, "Weka."

Ilisoma kwa ile sauti ya mwanamume wa kizungu, ikiyavunja maneno vibaya. Jina la Nyangi hata sikulitambua. Mama aliinamisha kichwa. Ilipofika pale pa kuuzwa, hakuizima.

Ikanyamaza.

"Kasema kweli," akasema.

Kisha, "Na wewe, Robhi? Ulilia siku ile walipokuleta?"

Miaka yote hii hajawahi kuniuliza.

"Nililia, Mama."

Nikaenda jikoni nikalia upya, sijui namlilia nani.

Jumapili, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri, hatukwenda kanisani. Nimemwonyesha Mama kitufe ili abonyeze mwenyewe. Amesikiliza ule ukurasa asubuhi yote.

Nikakaa karibu naye, nikamsimulia zile nyingine kadiri ninavyokumbuka. Ulezi. Kijito. Kwamba Nyangi akiumwa alikuwa anamwita yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, amenishika mkono.

Halafu akanishukuru. Akasema mimi ni mtoto mwema, lakini nisimtungie maneno ili kumfariji. Akapapasa kitufe, akabonyeza tena.