Mwalimu, Umeniachia Darubini na Ndugu Yako

Kayanga, mwanzo wa kiangazi

Mwalimu Kamuhanda,

Sitaanza kwa kukuambia kuwa hatujambo, maana ungekuwapo ungeniuliza, "Hamjambo nani na nani?" Tupo tu. Lakini umeniachia balaa, bwana, na leo nimefunga duka mapema ili nikueleze, kwa sababu hapa Kayanga sina tena wa kumlalamikia.

Tangu tukuzike Rugera, watu hawaachi kuja dukani, na wala hawaji kununua chumvi. Wanakuja kuniuliza, "Saidi, lini tena tutauona mwezi?" Kana kwamba nimeuficha nyuma ya vitenge. Nawaambia mwezi upo, watoke nje watazame juu. Wanasema, "Siyo huo. Ule wa Mwalimu, wenye mashimo." Umewaharibu. Maisha yao yote walitosheka na mwezi wa macho matupu.

Na chama chetu cha kutazama nyota? Hakuna chama, kuna ugomvi. Katekista anataka kila mkutano uanze kwa sala yake. Mimi nataka tungoje niswali Magharibi kwanza. Dereva wa lori hataki chochote ila uenyekiti. Wewe ulikuwa ukitunyamazisha kwa neno moja: "Mawingu yanakuja, harakisheni!" Juzi nililijaribu. Wakatazama juu, wakaona hakuna hata wingu moja, wakaendelea kugombana.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Kibingo, Mwalimu! Nani alikutuma uwaahidi watu wa Kibingo, mbele ya kanisa zima, kwamba mvua zikikatika utawapelekea darubini, watazame wote, mkubwa kwa mdogo, bure? Ukashikwa na homa, ukaenda zako. Mvua zikakatika. Kibingo wakatuma mtu kuniuliza ni lini, maana Mwalimu alisema.

Na darubini yenyewe sikuwa nayo. Siku ya kugawa urithi wazee wenu walimpa mdogo wako Rwamugira ng'ombe wako, koti lako na lile "bomba la kutazamia". Ningesema nini? Mimi si wa ukoo. Nikapanda baiskeli mpaka Rugera, nikamkuta juu ya kilima, amekalia jiwe, darubini jichoni, anatafuta mtamba aliyepotea. Ile darubini aliyokuachia yule Mzungu mpima ardhi, uliyokuwa ukiifunga kwa kanga kama mtoto mchanga, ilikuwa imejaa samli mpaka kwenye kioo! Tena ndugu yako analalamika kwamba ni mbovu, inamwonyesha ng'ombe miguu juu; hajui kwamba ndivyo ilivyo, hupindua kila kitu.

Nikampa pole, nikaomba aniazime kwa jioni moja.

"Nyota hazina maziwa," akanijibu. "Kaka alikuwa na nyota, na ng'ombe wake nikawachunga mimi."

Nikageuza baiskeli. Ni kweli, na wewe unajua ni kweli.

Nilirudi tena na sukari na majani ya chai. Chai akanywa, darubini akaninyima. Nikarudi tena. Safari hiyo uzalendo ulinishinda, nikamwambia mbele ya mkewe, "Basi njoo wewe mwenyewe Kibingo, uwaambie wale watu kwamba neno la kaka yako tumelizika naye." Mkewe alimtazama tu, akaendelea kumtazama, mpaka Rwamugira akasema atakuja. Ila ataibeba mwenyewe, ataishika mwenyewe, na asiiguse mtu.

Laiti ungewaona watu wa Kibingo. Walitoka kila upande, wazee na fimbo zao, kina mama na watoto mgongoni. Na taa! Msimu wa senene ulikuwa haujaisha, kila mmoja akasema kwa kuwa nakesha nje, basi panzi hao waifuate taa yangu, nikamate na kitoweo. Nikapiga kelele, "Zimeni taa, hatutaona kitu!" Wakaniuliza, "Na senene je?" Nilikaribia kupanda baiskeli nirudi kwangu.

Halafu katekista akaanza kusali. Aliombea mvua, mifugo, wagonjwa, serikali. Alipofika amina, wingu lilikuwa limeshaufunika mwezi. Rwamugira akamwambia, "Ungefupisha, Mungu angekuelewa." Tukakaa, tukangoja. Watoto wakaanza kulia, na mimi nikaanza kukulaumu kimoyomoyo, kila jina nililokuwa nalo nikakuita.

Wingu likapita.

Nikamwelekeza ndugu yako namna ya kuilenga, na kwa kuwa mwenye mali ni yeye, akatazama wa kwanza. Akatazama. Akatazama. Mstari nyuma yake ukaanza kunung'unika, na bibi mmoja akauliza, "Huyu amesinzia?" Nikamgusa bega. Akaniuliza bila kuondoa jicho:

"Na kaka alikuwa anaona hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuambia kila siku, Rwamugira."

"Aliniambia ni mwezi," akasema. "Hakuniambia ni hivi."

Kisha akasogea. Watoto wasiofikia aliwanyanyua yeye mwenyewe, mmoja mmoja. Baadaye tukaigeuzia Mshtarii, ile sayari kubwa yenye vimwezi vyake pembeni, na yule bibi akatazama, akacheka, akawaita wenzake: "Njooni muone, kumbe nayo ina ndama wake!" Hakuna aliyerudi nyumbani bila kutazama, Mwalimu. Hakuna.

Unadhani nikapumzika? Ndugu yako sasa ni mbaya kuliko wewe. Kila siku ya soko yuko barazani kwangu, anauliza tunakwenda wapi. Amekwisha kuviahidi vijiji ambavyo hata njia zake sizijui, wala hakuniuliza. Dereva wa lori akisema habari ya uenyekiti, Rwamugira anamkata jicho hadi anakaa. Mmenyonya titi moja nyinyi, sasa naamini.

Liko jambo moja sijalimaliza. Katekista, kwa wema wake, alimwambia binti yako Koku kwamba wewe umekuwa nyota. Basi mtoto akaja dukani kuniuliza ni ipi. Nilimkasirikia katekista nusura nimfuate kanisani. Kusema ndiyo sikuweza, maana ungenicheka. Kusema hapana... alikuwa ananitazama, Mwalimu, na macho yale ni yako. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Tutazitazama zote."

Nimechoka kukukasirikia. Lakini nikiiacha hasira hii, sijui nitabaki na nini mkononi.

Haya, sikia ahadi yangu, na hii ni yangu, siyo ya kunitwisha. Tukimaliza vijiji vya Rwamugira tutakuja Rugera. Tutaisimamisha darubini pale kwenye migomba, karibu na ulipolala, na kila atakayeweka jicho nitamwambia aseme kwa sauti anachokiona. Nao ni watu wa kelele, utasikia.

Lala, ndugu yangu. Mola akupokee kwa wema zaidi kuliko tulivyokupokea sisi.

Ni mimi,
Saidi wa dukani