Ngoma Mbili za Namna Moja

Mama,

Shikamoo. Najua Kiswahili kilikuwa kinakuchosha, lakini ndicho nilichofundishwa kuandika kule misheni. Nikimaliza nitakuja kaburini nikusomee kwa Kigogo, usininunie.

Tangu utuache, reli imefika Dodoma na mimi nimepata kazi bomani. Amekuja Bwana mmoja Mjerumani anayekusanya vitu vyetu avipeleke kwao Udachi, kwenye nyumba ya kuwekea vitu vya kutazamwa. Mimi navipanga kwa namna zake na kukifungia kila kimoja kikaratasi chake. Vibuyu huku, vigoda kule. Ungeuona mpangilio wetu ungecheka: jembe limelala na mkuki, eti vyote ni chuma.

Juzi jumbe alileta mzigo mwingine kutoka vijijini. Nikaufungua, nikakuta ngoma yako na ya Mama Mdogo. Kumbe jumbe alizichukua nyumbani bila kumwuliza mtu, na mdogo wako alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka.

Bwana ana kanuni yake: vitu viwili vikiwa vya namna moja, kimoja kinasafiri, cha pili kinarudi kwa mwenyewe. Akaniuliza kama ngoma hizi ni za namna moja.

Mama, nilikuwa mtoto wa mgongoni, wewe umeibana ngoma katikati ya magoti, nikajua kwamba yako inaita na ya Mama Mdogo inaitikia. "Hii bila ile ni kelele tu," ulikuwa ukisema. Si namna moja hata kidogo. Lakini ningesema hivyo, zote mbili zingekwenda. Nikamjibu kwamba ni za namna moja.

Akachagua yako, kwa kuwa ngozi yake ilikuwa nzima. Uliitunza mno, Mama. Nikaandika, "Ngoma ya wanawake, Ugogo." Nilitaka kuongeza jina lako, nikaona uchungu kuliacha litamkwe na watu wasiokujua. Nilipigilia sanduku misumari huku nalia, Bwana aliponitazama nikasingizia vumbi.

Ya Mama Mdogo niliirudisha mwenyewe. Hakuniuliza yako iko wapi. Wanawake walipokusanyika kucheza, akakaa, akaibana, akasubiri kuitwa kama alivyozoea. Uso wake sikuweza kuutazama. Basi nikaita mimi kwa makofi, mwanamume mzima, nikikufuatisha wewe. Walicheka hao! Kisha akaitikia.

Pumzika, Mama yangu. Nakukumbuka kila siku. Binti yangu amerithi jina lako, na nakuahidi nitamchongeshea ngoma yake, Mama Mdogo amfundishe kuita. Mpaka magoti yake yaweze kuibana, nitaita mimi, na wacheke.

Mwanao