Meno Ndani ya Uvimbe wa Muzna

Shoga yangu Harusi, salamu zitafuata. Mjukuu wangu Muzna ametoka kwenye kipimo cha CT sasa hivi.

Daktari alimwonyesha picha ya ovari yake: uvimbe wenye ukubwa wa dafu, na ndani yake mna nywele na meno. Meno, Harusi.

Muzna akanong'ona, "Akishatoka, tumpe jina kabla ya kumkafini?"

Daktari akamjibu, "Si mtoto, dada. Ni uvimbe, tena umeanza kujisokota. Tunautoa leo."

Mama yangu alizikwa Pangani mwaka 1956 na tumbo la namna hiyo. Walisema ni jini.

Muzna ameniuliza kama namjua mtu aliyepasuliwa hivyo akapona. Nimekutaja wewe, ingawa hujawahi kupasuliwa. Akikupigia, tafadhali usinikanushe.