Wazee Waliopata Sifuri

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa huko uliko. Mimi sijambo kabisa, nyumba haijambo, hata paka wa jirani hajambo. Wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali.

Wiki iliyopita alikuja hapa binti mmoja wa utafiti, kitambulisho shingoni, fomu ya kurasa sita mkononi. Nadhani ni wa ofisi yenu, ila ninyi mmekaa na kompyuta zenu na yeye ndiye anayepigwa na jua. Mtaani tumempa jina, Binti Fomu. Unajua masikio yangu yaliishia kwenye mashine za kiwanda cha nguo, kwa hiyo ilibidi aniulize kwa sauti ya mnada. Mtaa mzima ukasikia akiuliza kama katika wiki mbili zilizopita nimejiona mtu nisiye na thamani. Wapita njia walisimama kungoja jibu.

Sasa mtu akikuingilia ndani, hata maji hajanywa, akakuuliza kama una huzuni, utamjibu nini? Nilimwambia sina. Hamu ya kula? Ipo tele. Usingizi? Nalala kama gogo. Uchovu? Nikamwambia labda wake yeye. Maswali tisa yote nikayajibu hivyo, akajumlisha, akasema nimepata sifuri. Niliumia, nikauliza kama kuna kurudia. Akasema sifuri ndiyo nzuri kuliko zote, na ishirini na saba ndiyo mbaya. Nikamwomba aniandikie hiyo sifuri kwenye karatasi na kuitia sahihi, akakataa, eti ni siri ya utafiti.

Jirani yetu Mzee Koti, yule karani mstaafu wa tiketi asiyevua koti hata jua likipasua mawe, amepata tatu. Alikiri kwamba siku nyingine chakula hakimshuki kooni. Tulimcheka Jumatano nzima pale kituo cha wazee. Nesi alipompima presha ilikuwa imepanda kwa hasira tupu, akaamriwa akapumzike kwanza. Anadai arudie mtihani.

Sina la zaidi.

Baba yako

Nilisahau: uliuliza kama naitumia ile meza ya kulia uliyoniletea. Meza ni nzuri sana. Nimeifunika shuka isiingie vumbi.


19 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nyingi, jino limepoa. Ndilo lile nililokuambia kwenye simu ukanipongeza. Barua itabaki kuwa simu yetu, Baba, angalau yenyewe haihitaji kupigiwa kelele.

Fomu za mtaa wenu zimefika. Huku hatuoni majina, tunaona namba tu, na kazi yangu ni kuingiza majibu kwenye kompyuta. Nilikuwa naingiza bila kufikiri mpaka nikafika kwenye moja ambayo mhoji ameandika pembeni: "Mhojiwa alisimamisha mahojiano kwa dakika arobaini ili kutengeneza kiti ambacho mhoji alitaka kukikalia. Mhoji alikalia ndoo."

Baba, duniani mtu huyo ni mmoja tu, na ndiye aliyenilea. Nilikwenda kwa mkuu wangu nikamwambia nimemtambua mhojiwa na ni baba yangu mzazi, akaichukua ile fomu akampa mwenzangu. Ndiyo taratibu. Lakini nilikuwa nimeshaziona nyingine.

Wazee arobaini wamehojiwa mtaani kwenu. Thelathini na mmoja wamepata sifuri. Mkuu wangu ni mtu wa takwimu, anafurahia namba kama wengine wanavyofurahia wajukuu. Anasema hajapata kuona mtaa wenye raha kama huo. Na sasa sikiliza vizuri, maana hapa sicheki. Utafiti huu unafanywa ili kujua huduma zipelekwe wapi. Rasimu ya ripoti inasema mtaa wenu hauna shida, kwa hiyo nesi na mshauri nasaha wahamishiwe kwingine, na kituo chenu cha Jumatano kifungwe mwisho wa Juni.

Mmekifunga kituo chenu wenyewe, kwa adabu zenu.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mimi sijambo, ila nina hasira, na daktari aliwahi kusema hasira ni dalili ya afya.

Nimewasomea wenzangu barua yako pale kituoni. Kila mtu akamgeukia mwenzake kumlaumu kwa kupata sifuri. Mzee Koti alisimama, akafunga vifungo vya koti vyote, akasema yeye peke yake ndiye aliyejaribu kukiokoa kituo hiki, akiwa na tatu zake. Tumemchagua mwenyekiti.

Mpango ni huu. Binti Fomu akirudi, kila mmoja wetu atapata ishirini na saba. Tumeshaanza mazoezi. Mzee Koti anauliza maswali, sisi tunajibu kwa kuzidiwa. Yule mama aliyekuwa mpishi wa shule anaweza kulia kwa jicho moja, jambo ambalo sijapata kuliona. Mimi nimepewa kuugua kwa sauti, lakini kwa kuwa siisikii sauti yangu, inasemekana nazidisha.

Jumatano iliyopita mshauri nasaha aliingia akatukuta wazee kumi na wawili tunalia kwa zamu. Aliweka mkoba chini, akakaa, na yeye akalia, tena ya kwake ilikuwa kweli. Kumbe naye ameshaambiwa atahamishwa. Ilibidi tuache mazoezi tumbembeleze, na mpishi akamletea supu.

Mwambie mkuu wako atupangie tarehe. Tuko tayari.

Baba yako

Nilisahau: Mzee Koti ananisumbua eti napungua. Nimemwambia ni mkanda umelegea.


15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nakuomba uwaambie wenzako waache. Mtaa mzima ukitoka sifuri hadi ishirini na saba kwa miezi miwili, mkuu wangu hatafikiri mmehuzunika, atafikiri kuna sumu kwenye maji. Kisha atagundua ni mchezo, na baada ya hapo hata mkisema kweli hamtaaminiwa.

Jana nilizitoa barua zako zote, tangu mwaka juzi Mama alipofariki, nikazisoma kwa mpigo. Zote zinaanza kwa kusema hujambo. Katikati kuna vichekesho. Unatia sahihi, halafu chini yake, baada ya "nilisahau", ndipo unaposema. Chini ya sahihi ndiko nilikojua kwamba mgongo unakuuma kwa kulala kwenye kiti cha sebuleni. Chini ya sahihi ndiko nilikojua redio iliharibika miezi minne iliyopita na hujaitengeneza, wewe fundi mashine. Sasa iko meza iliyofunikwa shuka, na mkanda uliolegea. Baba, mkanda haulegei wenyewe.

Nikakumbuka Mama alivyokuwa akisema, mgeni msikilize akishavaa viatu. Unamkumbuka Shangazi siku ile? Alizungumzia mvua saa mbili nzima, akaaga, akavaa viatu, akashika kitasa, ndipo akasema ameachika. Mama akamvua viatu akamrudisha ndani. Binti Fomu wetu akimaliza swali la tisa anakunja karatasi na kukimbilia nyumba ya pili. Anaondoka kabla hamjaanza kuzungumza.

Nilimweleza mkuu wangu hivyo. Alicheka, akasema mlango haumo kwenye fomu. Lakini jioni ile alipita kwa mama yake. Alimwuliza hali, akaambiwa ni njema, wakanywa chai. Alipoinuka kuondoka hakuondoka, alisimama tu pale mlangoni akauliza, na lingine? Alichojibiwa hakunieleza, ila kesho yake alikuja ofisini akafunga mlango wake mpaka mchana. Kisha akaniita akasema ripoti isimamishwe, na mtaa wenu uhojiwe upya mwezi wa tano. Binti Fomu atakunywa chai kwanza. Atauliza maswali, atafunga faili, atasimama, atafika mlangoni, atauliza, na akihitajika atarudi kukaa.

Usiigize, Baba. Useme ilivyo tu. Na mimi nijibu hapa, juu ya sahihi: unakula?

Mwanao


20 Mei

Baba,

Shikamoo. Ni zaidi ya mwezi sijapata barua yako. Nilipiga simu, ukapokea, ukasema "namba sio", ukakata. Nikapiga tena ukanielekeza kwa fundi wa paa.

Fomu mpya zimeanza kuingia, lakini siruhusiwi kuzigusa, na sitaki kukujua kwa namba. Kama umekasirika kwa yale niliyoandika, niandikie hasira. Nimeshaandika barua ya kuomba likizo, iko kwenye droo, nangoja neno lako tu.

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Sili vizuri.

Nimeliweka hilo juu, nisije nikalipoteza njiani. Barua hii nimeianza mara nne, na kila mara ilianza na "sijambo", na kila ilipoanza hivyo ikaishia kwenye habari za Mzee Koti. Hii ni ya tano. Samahani kwa kukutia wasiwasi. Sikukasirika. Niliona haya, mtu mzima kuulizwa na mwanawe kama amekula.

Tangu mama yako aondoke nakula nimesimama jikoni, kwenye sufuria hiyo hiyo niliyopikia. Nikikaa mezani namwona hayupo. Kwa hiyo napika kidogo, nakula haraka, kingine nakiacha. Siku pekee ninayokula nimekaa, kwenye sahani, ni Jumatano pale kituoni, kwa sababu Mzee Koti ananikalia mbele na koti lake na haondoki mpaka nimalize. Ndiyo maana uliposema kituo kitafungwa nilikubali hata kufundishwa kulia.

Binti Fomu alikuja. Nilimkaribisha, nikampa chai, akakaa kwenye ndoo yake. Akauliza yote tisa. Nilikuwa nimeapa kusema kweli, lakini ulimi una mazoea, mwanangu. Nikapata nne. Akafunga faili, akashukuru, akavaa viatu. Pale mlangoni akageuka, akaniuliza kwa sauti yake ya mnada:

"Na lingine, baba?"

Watu walisimama barabarani kama kawaida. Nikashindwa kusema mbele yao, nikashindwa pia kumwacha aende. Nikamshika mkono nikamrudisha ndani, nikavuta kile kiti. Hakukaa. Aliniuliza kama kimepona.

"Hakikuwahi kuugua," nikamwambia.

Sasa na wewe ujue. Kile kiti hakikuwa na kasoro yoyote. Ni cha mama yako. Siku ile ya kwanza nilipoona yule binti anakielekea, nililegeza skrubu mwenyewe nikijifanya naangalia mguu, kisha nikakaa dakika arobaini nikiikaza na kuilegeza, nikitumaini atachoka aende zake. Hakwenda. Akakalia ndoo. Na mimi nikamwambia sina huzuni.

Safari hii alikaa. Hakuna kilichovunjika. Tuliongea mpaka chai ya pili ikapoa, akayafungua tena maswali yake, nikatoka na kumi na moja. Ananiona mshauri nasaha kila Jumatano baada ya supu. Mwanzoni tulizungumza habari za paa, lakini nikivaa viatu naye anajua cha kufanya.

Mzee Koti kapata kumi na nne. Anatembea mtaani kama mtu aliyepandishwa cheo. Kumbe lile koti lilikuwa la mkewe, alilivaa siku ya mazishi na hakupata kuona sababu ya kulivua. Tumekaa jirani miaka yote hii na mimi nikidhani anasikia baridi. Jumatano iliyopita alilivua, akalitundika mgongoni mwa kiti. Ana shati zuri sana ndani.

Wamebandika tangazo kwenye mlango wa kituo: hakifungwi, na nesi ameongezewa siku ya Ijumaa. Mpishi alilia kwa macho yote mawili.

Lile neno unalongojea ndilo hili. Itoe hiyo barua kwenye droo uje. Usiniletee kitu. Shuka nimeiondoa mezani, kiti kimekazwa, kaa hapo mbele yangu nile.

Baba yako

Nilisahau salamu. Marahaba. Hujambo, mwanangu? Mimi sijambo kidogo.