Baba Hakukimbia

Nsambya, Kampala
Jumatano

Dada yangu Filda,

Pokea salamu zangu, na zikukute umekaa kivulini, si hospitali. Kifua kinaendeleaje? Na mihogo, mbuzi wa jirani hawajaimaliza? Mimi nipo, ila goti la kushoto limekuwa kaidi kuliko mwenyewe. Mwandiko usiucheke, mkono huu ulizoea rungu, na hii barua nimeihangaikia siku tatu.

Kuku wako alifika salama na basi. Umesema ni wa kunishukuru kwa kuwa nimemsamehe Aol, mtoto wangu. Sijamchinja. Nimemfunga kwenye mguu wa kitanda, ananitazama tu. Sikiliza kwa nini.

Unajua hapa kanisani bila mimi hakuna ibada ya mchana. Wanaojua Kiingereza husali asubuhi. Mchana ni sisi askari wazee na Wakongo. Mhubiri akija na Kiingereza chake, nani anasimama pembeni kukigeuza Kiswahili? Olweny! Kukisoma kunanishinda, lakini masikio yangu yalikaa na maofisa miaka thelathini. Hata Mama Abalo, mwenye mdomo wa pilipili, husema afande akifasiri, shetani mwenyewe anapiga saluti.

Jumapili ile alikuja mhubiri msichana kutoka Kyambogo, jina lake Juliet. Nikamwona Aol ameketi nyuma na yule Mkongo wake, Barnabé, na mjukuu mgongoni ambaye sijawahi kumshika. Ni miaka minne tangu nimfukuze kwa kuolewa na mtu asiye na ng'ombe hata mmoja.

Juliet akahubiri habari za baba aliyemwona mwanawe mpotevu kwa mbali, akamkimbilia. Yeye anasema, mimi nageuza, watu wanaitika amina. Halafu akasema Mungu ana neno kwa mzazi aliyefunga mlango: usingoje mtoto aje kwa magoti, baba yule alikimbia, kimbia na wewe.

Filda, nilijua ni langu. Watu wote wanangoja mdomo wangu, na mimi nikaogopa kuaibika mbele ya Wakongo. Nikasema kwa sauti ya paredi kwamba Mungu anamwambia mtoto aliyemkosea baba yake aje sasa hivi, apige magoti.

Aol akaja. Akapiga magoti kwenye saruji na mtoto mgongoni, akalia, akaniomba msamaha. Vigelegele! Nikamwekea mkono kichwani kama mtu mwema. Juliet, asiyejua Kiswahili, naye akatoa machozi, akasema neno limefanya kazi.

Aol angejua Kiingereza angenikamata palepale. Lakini nani alimtoa shule darasa la tatu? Ni mimi, na wewe ulinikataza.

Basi usinisifu. Neno la Mungu nililipinda mimi, na hata likiwa limepinda, yule mtoto alilitii. Mimi niliyelisikia zima ndiye niliyesimama kama nguzo. Mimi, bingwa wa mbio za polisi!

Jumapili nitawaambia wote. Lakini Jumapili ni mbali. Nikishaikunja barua hii nampeleka kuku Nakivubo, kule Aol anakouzia viatu. Nitakwenda kwa miguu. Goti limekataa mbio, lakini nikimwona kwa mbali nitajaribu.

Nisalimie Odyek na wote wa nyumbani. Uniombee.

Ni mimi kaka yako,
Olweny